Simu Haimgeuzi Mgonjwa Kitandani

Katika miaka hii ya karibuni tumesikia mara nyingi kwamba simu ya mkononi itawafikia wagonjwa ambao daktari hawezi kuwafikia. Miongoni mwa wanaotajwa ni ndugu zetu walioumia uti wa mgongo: aliyepigwa risasi, aliyeanguka kutoka juu ya mchikichi, aliyefukiwa na udongo machimboni, aliyegongwa akiwa juu ya pikipiki. Hapa kwetu Kivu watu wa namna hiyo si wachache, na Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba duniani kote wanazidi milioni 15. Habari ya simu inatufurahisha. Lakini kabla ya kuishangilia, tuulize swali moja: saa nane usiku, nani atamgeuza?

Swali hilo si dogo. Mtu aliyeumia mshipa mkuu wa fahamu upitao ndani ya uti wa mgongo hapotezi nguvu za miguu tu. Mara nyingi hupoteza pia hisia za ngozi na uwezo wa kutawala kibofu. Sisi wenye afya tukilala upande mmoja kwa muda mrefu, maumivu hutuamsha, nasi tunageuka. Yeye haamshwi na chochote. Nyama iliyobanwa kati ya mfupa na kitanda hukosa damu, hufa, na kidonda huweza kufika mfupani. Mkojo usiotoka vizuri huleta maambukizi yanayopanda hadi kwenye figo. Hayo mawili huua wengi, tena baada ya kutoka hospitalini, wakiwa nyumbani kwao.

Jambo hili limejulikana tangu zamani. Mwaka 1944, daktari Ludwig Guttmann, Myahudi aliyeikimbia Ujerumani ya Hitler, alianza kuwatunza askari waliopooza katika hospitali ya Stoke Mandeville, Uingereza. Wakati huo watu wa hali hiyo walihesabiwa kuwa wa kufa tu. Yeye aliagiza wageuzwe kila baada ya saa 2, mchana na usiku, na kibofu kitunzwe kwa usafi mkubwa. Wengi waliishi, wakarudi kazini, wakashindana katika michezo ambayo ndiyo chanzo cha Paralimpiki. Dawa mpya zilisaidia, lakini msingi wa kazi yake ulikuwa saa ya ukutani na mikono ya watu.

Je, simu haina kazi? Inayo, tena kubwa. Mgonjwa aliyeumia shingoni au sehemu ya juu ya mgongo anaweza kushikwa ghafula na maumivu makali ya kichwa na jasho usoni, kwa sababu shinikizo la damu limepanda kupita kiasi. Mara nyingi chanzo ni kibofu kilichojaa au mpira wa mkojo uliojikunja. Muuguzi anayeijua hatari hiyo anaweza kusema kwa simu: mketisheni, mlegezeeni nguo, uangalieni mpira. Dakika chache za maongezi zinaweza kuokoa uhai. Vilevile, pale ambapo ushauri unatosha, mgonjwa huepushwa na safari ya siku nzima kwa machela au pikipiki, ambayo yenyewe huichubua ngozi.

Hata hivyo, macho ya simu yana mipaka. Tunafundishwa kwamba kidonda cha kulalia huanza kwa wekundu. Juu ya ngozi nyeusi wekundu huo hauonekani kwa urahisi, na katika picha huzidi kujificha. Dalili za kutafuta ni joto, ugumu au ulaini usio wa kawaida, nazo hutambuliwa kwa kiganja cha mkono. Tena, picha yenyewe hupigwa matakoni au kiunoni. Mgonjwa ana haki ya kuombwa ruhusa, ya kukataa, na ya kujua nani ataiona. Si halali izungushwe katika makundi ya WhatsApp kwa kisingizio cha huruma.

Bangladesh imetupatia fundisho. Huko watafiti waliwafuatilia watu 410 walioumia uti wa mgongo, baada ya kutoka hospitalini. Kundi moja lilipigiwa simu 36 na kutembelewa nyumbani mara 3 katika muda wa miaka 2. Kundi lingine liliendelea na huduma ya kawaida. Mwishoni, idadi ya waliofariki katika makundi hayo mawili ilikaribiana sana. Hatulitaji jambo hili ili kuidharau simu. Sisi tunalisoma kama onyo: ushauri, hata ukiwa mwema, haugeuki kuwa godoro, wala mpira safi wa mkojo, wala chakula, wala mtu wa kukesha.

Tunachokiogopa ni kwamba chombo kipya kitakuwa kisingizio. Itaandikwa kwamba mgonjwa amefuatiliwa, kwa kuwa alipigiwa simu, na mzigo wote utabaki juu ya mama mmoja, au juu ya binti aliyeacha shule ili amtunze baba yake.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, mgonjwa asiruhusiwe kutoka hospitalini kabla ya watu 2 wa nyumbani kwake kufundishwa kwa vitendo namna ya kumgeuza, kuikagua ngozi na kukitunza kibofu. Pili, ofisi za afya za majimbo yetu zikianzisha huduma ya simu, zitenge papo hapo fedha za safari za muuguzi, za mipira ya mkojo na za magodoro, ili simu iitangulie ziara, isiifute. Tatu, jumuiya zetu ndogo zipange zamu, mgonjwa mwenyewe akikubali: leo familia hii, kesho ile. Tumezoea kukesha msibani usiku kucha kwa ajili ya marehemu. Kuamka mara chache usiku ili kumgeuza aliye hai hakuzidi uwezo wetu.