UONGOZI MBAYA HUUA ARI YA KAZI

Mtumishi anayepangiwa kazi katika delta ya Rufiji hakabidhiwi kazi nyepesi. Katika kata za Kiongoroni, Maparoni, Mbuchi, Msala na Salale, safari nyingi hufuata maji kujaa na kupwa, wala si saa ya ukutani. Hata hivyo, taabu ya mtumbwi na mbu mtu huizoea. Jambo lisilozoeleka ni mkuu wa kazi asiyemjali aliye chini yake.

Hoja hii si ngeni nchini. Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971, katika kifungu cha 15, uliwakataza viongozi kiburi, dharau na uonevu. Wafanyakazi waliusoma na kuushika. Kati ya 1971 na 1973 kazi zilisimama katika viwanda kadhaa vya Dar es Salaam, na mara nyingi malalamiko hayakuhusu mshahara, bali matusi na ubabe wa mameneja. Katika kiwanda cha mpira cha Mount Carmel, mwaka 1973, wafanyakazi walifikia hata kukitwaa kiwanda chenyewe.

Siku hizi mtumishi aliyevunjwa moyo hagomi hadharani. Huja, akatia sahihi, akaketi. Ruhusa ya siku mbili ya kwenda Kibiti hugeuka wiki nzima. Mgomo huu hauna bango wala kelele, na anayeulipia ni mama mjamzito aliyevuka mto akakuta zahanati imefungwa, na mtoto anayerudi nyumbani bila kufundishwa.

Juni 2016 Serikali ilisimamisha ajira mpya na upandishaji vyeo ili kuwahakiki watumishi hewa. Uhakiki ulikuwa wa lazima, lakini waadilifu nao walisubiri pamoja na wadanganyifu. Mwaka 2022 kima cha chini cha mshahara wa watumishi wa umma kilipandishwa kwa asilimia 23.3, jambo lililostahili shukrani. Lakini nyongeza ya mshahara haiwezi kufuta machungu ya barua isiyojibiwa, ya uhamisho usiolipiwa posho, au ya kukaripiwa mbele ya wanafunzi na wagonjwa.

Dawa ipo, tena ni ya zamani. Mabaraza ya wafanyakazi yalianzishwa kwa Waraka wa Rais Namba 1 wa mwaka 1970, na Sheria ya Majadiliano ya Pamoja katika Utumishi wa Umma ya mwaka 2003 imeyapa nafasi yake. Baraza linaloitwa kupitisha bajeti na kunywa chai tu si baraza. Hapana budi mtumishi wa visiwani awe na msemaji wake humo, na hoja yake ijibiwe kwa maandishi.

Tunawasihi wakuu wa idara wapande boti, walale huko deltani, wawasikilize watu wao kabla ya kuwahukumu. Mvivu aadhibiwe kwa taratibu, lakini asiye mvivu asichanganywe naye. Na ninyi ndugu zetu wa visiwani, mpokeeni mtumishi kama mwenzenu, na anayetoroka kazi msimfiche.

Cheo ni dhamana. Nahodha anayewadharau mabaharia wake asishangae chombo kikienda mrama.