Wenye Nyumba na Wenye Mashine, Mitaro Ni Yetu

Ndugu zangu wa Mkula,

Masika yakianza, maji ya Udzungwa hushuka mlimani hadi kwenye barabara zetu za vitongoji. Mitaro imejaa mchanga na pumba, basi barabara yenyewe ndiyo inageuka mtaro. Mavuno yakifika, mnunuzi anakataa kuingiza Fuso, na mpunga unatolewa gunia kwa gunia kwa bodaboda, nauli ikikatwa kwenye bei yako wewe mkulima.

Jibu letu la kawaida nalijua: hiyo ni kazi ya TARURA. Ni kweli. Tangu Julai 2017 barabara za vijijini na mijini ziko chini ya wakala huo, na mwaka 2021 kila lita ya petroli na dizeli iliongezwa shilingi 100 kwa ajili yake. Kwa hiyo tunachangia tayari, hata asiyemiliki chochote zaidi ya nauli ya bodaboda. Lakini greda likipita huku mtaro umeziba, mvua kubwa chache tu zinasomba kifusi chote. Hatutaletewa mtu kutoka Ifakara mjini azibue mtaro ulio mbele ya mlango wako.

Naomba tukae kwenye mkutano mkuu wa kijiji, ule ambao unatakiwa kuitishwa kila miezi mitatu, tukubaliane nani abebe nini.

Hapo ndipo penye ugumu. Kwa mfano, miji mingi ya Marekani humtoza mwenye kiwanja kwa urefu wa upande unaopakana na barabara. Hesabu yake ni nyepesi, ila mjane mwenye kiwanja cha njia panda, asiye na hata baiskeli, atalipa zaidi kuliko mwenye malori anayekaa uchochoroni. Huko Saint Paul, Minnesota, makanisa yaliipeleka mahakamani tozo ya namna hiyo, na mwaka 2016 mahakama ya juu ya jimbo ikaamua kuwa ile ni kodi, si ada tu kama jiji lilivyodai. Sisi nasi tumeonja yetu. Kodi ya majengo ilipoingizwa kwenye LUKU mwaka 2021, shilingi 1,000 kwa mwezi, iliyopanda kuwa 1,500 mwaka 2023, anayekatwa ni anayenunua umeme. Mpangaji akajikuta analipia nyumba isiyo yake.

Afadhali tutazame Hanna Nassif, Kinondoni. Miaka ya 1990 wakazi wa mtaa ule, uliokuwa ukizama kila mvua, walijengewa mitaro na barabara kwa msaada wa wafadhili, lakini nao walichangia, na vibarua waliolipwa walikuwa wakazi wenyewe. Magari yaliyoingia yakatozwa ushuru wa matengenezo.

Kwetu napendekeza mwenye nyumba, si mpangaji, azibue mtaro wa kiwanja chake au amlipe kijana wa kitongoji. Wazee na wagonjwa tuwazibulie kwa msaragambo. Wenye mashine za kukoboa na wanunuzi wa mpunga walipe kwa kila gari linaloingia, maana lori lenye magunia mia linaumiza barabara kuliko kitongoji kizima kikitembea kwa miguu. Fedha hiyo inunue makaravati pale maji yanapokata njia. Baiskeli na pikipiki zisiguswe.

Kila mchango uwe na stakabadhi, na hesabu zibandikwe ofisi ya kijiji. Wanaogoma kuchangia kwa sababu ya michango ya zamani isiyo na stakabadhi nawaelewa kabisa. Na iwe sheria ndogo iliyoidhinishwa na halmashauri, isije kila mgambo akawa na bei yake.

Wiki hii mfuate mwenyekiti wa kitongoji chako, mwambie jambo hili liingie kwenye ajenda. Mhandisi wa TARURA aalikwe na ratiba ya greda. Sisi twende na orodha ya mitaro iliyoziba, kitongoji kwa kitongoji. Wenye mashine, msitume wasimamizi wenu. Njooni wenyewe.