Tusikicheke chungu cha nyanya, lakini tukipime

Katika lugha ya Kijaluo neno yath lina maana mbili. Ni mti, na pia ni dawa. Mgeni akifika Rongo au Mbita akamsikia mama akisema anakwenda kutafuta yath, hatajua mara moja kama mama huyo anaelekea kichakani au kwenye duka la dawa. Wazee wetu hawakuona haja ya kuvitenganisha vitu hivyo viwili, na ukiisoma historia ya dawa tunazoziita za kisasa utaona kwamba hawakuwa mbali na ukweli.

Mimi nilichelewa kuisoma historia hiyo. Nilianza kazi kusini mwa Nyanza nikiwa kijana mwenye shahada mpya na maringo mengi. Katika hospitali moja ndogo ya Migori nilizoea kuwakaripia akina mama waliowaleta watoto baada ya kuwanywesha manyasi, yaani mitishamba iliyochemshwa chunguni. Niliwakaripia mbele ya foleni nzima, kwa sauti. Nilidhani ninafundisha.

Siku moja jioni nyanya mmoja alimleta mjukuu wake wa miaka kama mitatu. Mtoto alikuwa amelegea, macho yamegeuka, anapumua kwa shida. Nikamwuliza yule mama, "Amekunywa nini?" Akanijibu, "Hakuna kitu, daktari." Nikamtibu mtoto kwa malaria kali, kwa kuwa damu yake ilionyesha malaria. Usiku huo akafariki. Asubuhi, akina mama wenzake walipokuwa wakimfariji, ndipo muuguzi aliposikia kwamba mtoto alikuwa ameshinda siku tatu akinyweshwa kikombe kizima asubuhi na jioni. Nyanya yule wiki iliyotangulia alikuwa kwenye foleni yangu. Alinisikia nikimfokea mwenzake.

Hadi leo siwezi kusema ni kipi kilichomwua mtoto yule: malaria yenyewe, zile siku tatu zilizopotea, au kile kilichokuwemo kikombeni. Najua tu kwamba niliuliza swali nikanyimwa jibu, na kwamba mimi ndiye niliyewafunza watu kuninyima.

Sasa hebu tutazame hicho tunachokionea fahari sisi wenye makoti meupe. Mwaka 1775, huko Uingereza, daktari William Withering aliulizwa maoni yake kuhusu dawa ya siri ya mwanamke mzee wa jimbo la Shropshire, ambayo iliwaponya watu waliovimba mwili baada ya madaktari kushindwa. Chungu cha mwanamke huyo kilikuwa na aina 20 hivi za majani. Withering hakucheka. Aliyachunguza, akatambua kwamba lenye nguvu lilikuwa moja tu, la mmea wa digitalisi. Kisha kwa miaka 10 akawapa wagonjwa wake kwa kipimo kidogo kidogo, akiandika kila alichokiona, waliopona na waliodhurika pia, na mwaka 1785 akachapisha kitabu. Alifanya hivyo kwa sababu digitalisi ni sumu. Ikizidi kidogo, mgonjwa hutapika, huona rangi za ajabu, na moyo husimama. Digoksini, dawa ya moyo inayotumika hata sasa katika hospitali zetu, inatoka kwenye jamaa ya mmea huo huo.

Malaria nayo ina hadithi ya namna hiyo. Magome ya mti wa sinkona kutoka Amerika Kusini yalitumiwa Ulaya tangu karne ya 17, lakini gome moja lilikuwa kali na lingine halina kitu, na mfanyabiashara mwongo aliweza kukuuzia gome la mti mwingine kabisa. Mwaka 1820 wafamasia wawili wa Ufaransa, Pierre Pelletier na Joseph Caventou, walifaulu kuitenga kwinini yenyewe kutoka kwenye gome hilo. Tangu hapo daktari aliweza kusema mgonjwa apewe kiasi gani, na kesho akampa kiasi kile kile. Kwangu mimi, hapo ndipo famasia ya kisasa ilipozaliwa. Mti ulikuwa ule ule wa zamani. Kilichoongezeka ni mizani.

Nisingependa msomaji afikiri kwamba mizani hiyo ilikuja bila maafa. Ziwa letu wenyewe ni shahidi. Mwaka 1906 na 1907 Robert Koch, daktari mashuhuri wa Ujerumani, alipiga kambi katika visiwa vya Ssese, upande wa Uganda, kuwatibu watu wa malale kwa atoksili, dawa yenye aseniki ndani yake. Alipoongeza kipimo, baadhi ya wagonjwa walipofuka wasione tena. Mwenzake Paul Ehrlich aliendelea kuichezea aseniki hiyo maabarani hadi mwaka 1910 alipotoa Salvarsan, dawa ya kaswende. Na kabla ya hapo kaswende ilitibiwa Ulaya kwa karne nyingi kwa zebaki. Ndiyo, zebaki ile ile ambayo vijana wa Macalder hapa Migori huishika kwa mikono mitupu wakitafuta dhahabu. Waliofanya hivyo walikuwa madaktari wenye shahada.

Malale yalifika pia kwetu. Bonde la Lambwe huko Homa Bay, ilipo sasa Mbuga ya Kitaifa ya Ruma, lilijulikana kwa mbung'o wake, na miaka ya mwanzo ya 1980 ugonjwa huo ulilipuka tena huko. Ukishaingia ubongoni, dawa ilikuwa melasoproli, iliyoanza kutumika mwaka 1949. Hiyo nayo ni ya aseniki. Ilitiwa mshipani kwa sindano ya kioo, maana kiyeyusho chake huharibu plastiki, na iliunguza mshipa mzima ikipita. Katika kila wagonjwa 20 walioitumia, mmoja hivi aliuawa na dawa yenyewe. Tuliitumia kwa sababu asiyetibiwa hakuwa na lolote ila kufa. Mwezi Agosti 2025 Shirika la Afya Duniani, WHO, lilithibitisha kwamba malale si tatizo la afya ya umma tena nchini Kenya. Mzee wa Lambwe aliyepona kwa aseniki akikuambia kwamba haogopi uchungu wa manyasi, utamjibu nini?

Kwa hiyo sikubaliani na madaktari wenzangu wanaosema mitishamba ni ushenzi. Vile vile sikubaliani na wale wanaosimama sokoni na kipaza sauti wakisema mitishamba haina madhara kwa kuwa imetoka kwa Mungu. Digitalisi pia imetoka kwa Mungu.

Tatizo la chungu cha nyanya ni kwamba hakina kipimo. Jani lililochumwa wakati wa kiangazi huenda lisiwe na nguvu sawa na lile la mvua za masika. Mzizi si sawa na gome, mti mchanga si sawa na mzee, na udongo wa Gwassi si wa Kuria. Mmoja hutia konzi moja ya majani, mwingine mbili. Mmoja huchemsha hadi maji yapungue nusu, mwingine huepua mapema. Halafu kikombe kile kile anapewa baba wa kilo 70 na mtoto wa kilo 11. Figo na ini la mtoto havijakomaa. Kipimo kinachomtoa baba jasho tu kinaweza kumlaza mwanawe asiamke.

Watu wengi kwetu Migori na Homa Bay pia wanatumia dawa za ARV kila siku, na wengine za sukari au za shinikizo la damu. Kuna mimea inayolifanya ini liziondoe dawa mwilini upesi kupita kawaida. Mgonjwa humeza kidonge chake kwa uaminifu bila kukosa hata siku moja, na virusi vikaongezeka, na sisi tukamshuku kwamba anatupa vidonge. Kumbe jibu liko chini ya kitanda, kwenye chupa.

Nijibu hapa swali ninaloulizwa karibu kila wiki. "Daktari, si hizo dawa zenu za malaria zinatokana na jani la artemisia? Kwa nini nisichemshe chai yake nyumbani?" Ni kweli zinatokana nalo. Mwanasayansi wa China, Tu Youyou, aliipata artemisinini mwaka 1971 baada ya kusoma maandishi ya tabibu Ge Hong wa karne ya 4. Aligundua kwamba Ge Hong aliloweka majani katika maji na kuyakamua, hakuyachemsha. Tu akashuku kwamba moto mkali ndio uliokuwa ukiiharibu dawa, akatumia etha kwenye joto dogo, akafaulu. Mwaka 2015 alipewa Tuzo ya Nobel. Sasa wewe unachukua jani lile lile na kulitokosa! Isitoshe, artemisinini haiyeyuki vizuri katika maji. Chai hiyo hutoa dawa kidogo, leo hivi na kesho vile, ikapunguza homa bila kuwamaliza vijidudu. Wanaobaki ni wale sugu, nao ndio wanaozaana. Ndiyo maana mwaka 2019 WHO ilitoa msimamo wa kutounga mkono chai wala unga wa jani hilo kwa malaria.

Usugu tunaujua. Klorokwini, ambayo wengi wetu tulilelewa nayo, ilishindwa hadi Kenya ikaiacha mwaka 1998. Dawa iliyofuata haikudumu. Tangu 2006 tunategemea vidonge vya AL, mara mbili kwa siku kwa siku tatu, pamoja na chakula chenye mafuta kidogo. Vijidudu vilivyoanza kuizoea artemisinini vimekwisha kuthibitishwa Rwanda na Uganda, na mbu haulizwi pasipoti mpakani. Anayekunywa nusu dozi ya AL na kumwekea jirani nusu nyingine anafanya kosa lile lile la chai.

Wakati huo huo tazama ajabu hii. Septemba 2019 chanjo ya malaria ilizinduliwa nchini Kenya huko Ndhiwa, Homa Bay, na Migori ikawa miongoni mwa kaunti nane za kwanza. Ndani ya chanjo hiyo mna kitu cha kuuamsha mwili ujilinde, na sehemu ya kitu hicho hutoka kwenye gome la mti wa kwilaya wa nchi ya Chile, gome ambalo wenyeji wa huko walilitumia kama sabuni. Mama wa Ndhiwa aliyempeleka mwanawe kudungwa sindano alimpa gome la mti. Lakini lilikuwa limesafishwa, limepimwa, na limejaribiwa kwa maelfu ya watoto kwanza.

Miti yetu nayo imeanza kuandikwa. Profesa John Kokwaro wa Chuo Kikuu cha Nairobi alichapisha kamusi ya majina ya mimea kwa Kijaluo mwaka 1972, na mwaka 1976 kitabu chake kikubwa kuhusu mimea ya dawa ya Afrika Mashariki. Sheria ya Afya ya 2017 nayo inaitambua tiba ya kienyeji. Lakini katika zahanati ngapi za kaunti hizi mbili utakuta fomu yenye nafasi ya kuandika mitishamba ambayo mgonjwa ametumia? Mimi sijaiona hata moja. Wizara za afya za Migori na Homa Bay zingeweza kuiongeza nafasi hiyo kwa gharama ya wino tu. Nyanya wanaoijua miti hii wanazeeka, na kila mazishi ya mmoja wao huondoka na majina ambayo hakuna aliyeyanakili.

Mimi mwenyewe nimenunua daftari. Nikishamwuliza mgonjwa jina na kinachomwuma, namwuliza amekunywa nini nyumbani, nami huuliza nikiwa nimeketi, kwa sauti ya chini. Mtoto akiwa na homa sitaki usubiri hata siku moja; mlete akapimwe damu siku hiyo hiyo, awe amekunywa manyasi au hajanywa. Na kama amekunywa, njoo na tawi. Usilisage. Lilete likiwa na majani yake, na ua au tunda kama lipo, maana unga wa kijani hauwezi kuniambia ulitoka kwenye mti gani.