Gramu Mia za Bangi, Miaka Hamsini Gerezani

Bunge letu liliporekebisha Sheria ya Kudhibiti Dawa za Kulevya mwaka 2022, wengi walishangilia kwamba siku za walanguzi wakubwa zimehesabiwa. Mimi, mwalimu wa hapa Webuye, nimeisoma sheria hiyo, na naona waheshimiwa waliacha mtego utakaowanasa dagaa na kuwapitisha papa.

Mtu akipatikana na hatia ya kulangua zaidi ya gramu 100, sheria inataja faini isiyopungua shilingi milioni 50, au kifungo cha miaka 50, au vyote viwili. Kati ya gramu 1 na 100, ni milioni 30 au miaka 30. Mizani ni hiyo hiyo kwa kila dawa. Majani makavu ya bangi yanapimwa sawa na unga wa heroini! Na gramu 100 ni nini? Ni uzito wa kipande kidogo cha sabuni ya kuogea.

Tena, ulanguzi katika sheria hii si kuuza tu. Ni kununua, kuhifadhi, kusafirisha, na hata kumpa mtu. Mwanafunzi wa kidato cha nne aliyetimiza miaka 18, akimpa rafikiye msokoto nyuma ya bweni, kwa maandishi ya sheria ni mlanguzi. Mwenzake wa miaka 17 analindwa na Sheria ya Watoto ya mwaka 2022, isiyoruhusu mtoto ahukumiwe kifungo cha gerezani.

Ni kweli kwamba adhabu ya kupatikana na bangi ya kuvuta mwenyewe ilipunguzwa, kutoka miaka 10 hadi isiyozidi 5, au faini isiyozidi shilingi 100,000. Lakini ni juu ya mshtakiwa kuiridhisha mahakama kwamba bangi hiyo ni ya matumizi yake. Kijana asiye na wakili atairidhisha vipi?

Watakaonipinga watasema mahakimu wana hiari. Mwaka 2014 Mahakama ya Rufaa iliamua kwamba kifungo cha maisha kilichokuwa katika sheria ya 1994 kilikuwa kiwango cha juu tu, si cha lazima. Nawapongeza majaji hao. Hata hivyo, mtoto wa mkulima wa Bungoma asitegemee bahati ya kumpata hakimu mpole.

Tukumbuke ndugu wawili wa Mombasa, Baktash na Ibrahim Akasha. Walipelekwa New York mwaka 2017, wakakiri makosa ya kulangua heroini na methamfetamini. Baktash alifungwa miaka 25, Ibrahim 23. Miaka 25 ni nusu ya ile ambayo sheria yetu inamwandikia mwenye gramu 101 za bangi.

Siombi bangi ihalalishwe. Sisi walimu tunaona jinsi inavyowaharibu wanafunzi. Ninachowaomba wabunge wa Bungoma na Trans Nzoia ni kupeleka mswada wa kutenganisha bangi na heroini katika adhabu, jinsi Uingereza ilivyoziweka dawa katika madaraja mwaka 1971. Waondoe pia neno la kumpa mtu pale ambapo hapana biashara, na kijana anayekosa mara ya kwanza apelekwe kwa mshauri na matibabu kabla ya kufikiriwa gereza.