Mzazi akikataa msaidizi, mpeni achague mwenyewe

Hapa Katy, magharibi ya Houston, mwanangu na mkewe huondoka nyumbani alfajiri ili waiwahi barabara ya I-10 kabla haijajaa magari. Tunaobaki ni mimi, mwalimu mstaafu wa sekondari ya misheni mwenye miaka 66, na mama yangu wa miaka 88. Mzee anamwinua mzee.

Mwaka mzima nilimsihi mama akubali msaidizi wa nyumbani. Jibu lake lilikuwa lilelile: "Nimezaa saba, leo mtu baki aje anikoshe?" Nikawa nanyamaza, nikidhani kunyamaza ndiyo heshima. Kumbe mama alikuwa anajinyima maji. Tulipofika hospitali, daktari akasema maji yamempungua mwilini. Ndipo mama aliponiambia: "Nikinywa usiku nitakuamsha. Na mgongo wako nauona."

Tangu siku hiyo nimebadili rai. Kumwacha mzazi akatae mpaka aumie si kutafuta radhi zake. Kumletea mtu kwa nguvu nako si kutafuta radhi zake.

Nyinyi wa Muscat na Dubai mtasema, sisi tuna wafanyakazi ndani tangu zamani. Sawa. Lakini aliyemchagua ni nani? Mara nyingi ni watoto na ofisi ya wakala. Bi mkubwa anaamka, anamkuta mtu jikoni kwake. Halafu tunashangaa akimfukuza!

Sisi kilichotufaa ni hiki. Kwanza, niliacha kumwambia "hujiwezi". Nilimwambia kweli: "Mama, mimi ndiye niliyechoka. Nitafutie mtu wa kunisaidia." Pili, walikuja wanawake watatu, akawahoji mwenyewe. Nilikuwa na hakika atamchukua yule wa Mombasa, Kiswahili chake safi. Akamkataa! "Huyu, habari zangu zitafika kwetu kabla ya magharibi." Akamchagua mama mmoja kutoka Meksiko, asiyemjua jamaa yetu hata mmoja. Mimi nilitafuta lugha, yeye alitafuta sitara.

Masharti akayatoa mwenyewe: viatu mlangoni, nguruwe haingii jikoni, na kuoga ataoga peke yake. Wiki mbili za kwanza ilikuwa kufua na kupika tu, wakishindana chapati na tortilla. Wiki ya tatu mama mwenyewe ndiye aliyemwita bafuni.

Walio na wazee huku Marekani wajue na hili: Medicare hailipii msaidizi wa kuogesha na kupika ikiwa hiyo ndiyo haja pekee ya mgonjwa. Wengi hugundua wakiwa wameshachelewa. Medicaid ya Texas, kupitia mpango wa STAR+PLUS, huweza kuwalipia wenye kipato kidogo wanaotimiza masharti. Ulizeni mapema, mzee akiwa bado ana nguvu ya kusema anachotaka.

Mimi nami zamu yangu haiko mbali. Juzi niliwaita wanangu, nikawaandikia kwenye karatasi kama nilivyokuwa nikiwaandikia wanafunzi ubaoni: siku nikishindwa, msiniletee mtu mmoja. Nileteeni watatu, kisha mtoke nje mniache niwahoji.