Hesabu ifanywe gatini

Umezuka katika miji ya kandokando ya Ziwa Victoria mtindo wa kwenda ziwani kujifurahisha. Siku za mapumziko, na hasa nyakati za sikukuu, vijana huchangishana fedha, wakakodi mashua ya injini, wakapakia chakula, vinywaji na muziki, kisha wakazunguka majini mpaka jua lichwe. Mkazi wa Mwanza huvuka kwa dakika chache tu akafika Saanane. Wa Kisumu huenda Dunga kutazama ndege na viboko. Wa Jinja hupelekwa mahali Mto Nile unapoanzia safari yake. Sisi hatuoni ubaya wowote katika jambo hilo. Mtu aliyetoa jasho wiki nzima anastahili kupunga upepo, na ziwa ni lake kama lilivyo la mvuvi na mchuuzi wa dagaa.

Tunalolalamikia ni jinsi safari hizo zinavyoanza. Mara nyingi mashua hung'oa nanga bila mtu yeyote kuwahesabu waliomo.

Jumamosi ya tarehe 24 Novemba 2018, mashua ya starehe ilizama upande wa Uganda, katika wilaya ya Mukono. Watu zaidi ya 30 walikufa, nao walikuwa wametoka kwenda kucheza dansi tu. Wakuu wa nchi hiyo walieleza kwamba chombo hicho hakikuwa na leseni na kwamba kilipakia watu kupita kiasi. Waliookolewa, wengi wao waliokolewa na wavuvi. Lakini swali lililosumbua siku zilizofuata lilikuwa jepesi mno kwa kulisikia: walikuwa wangapi? Wapiga mbizi hawakujua wamtafute nani, wala waache lini.

Swali hilo si geni kwetu. Meli ya MV Bukoba ilipozama karibu na Mwanza tarehe 21 Mei 1996, mamia ya watu walipotea, na hesabu zilizotajwa zilitofautiana kwa sababu abiria wa daraja la tatu hawakuandikwa. Tarehe 20 Septemba 2018, miezi miwili tu kabla ya msiba wa Mukono, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka kikikaribia Ukara. Kiliruhusiwa kuchukua watu 101. Waliokufa peke yao walikuwa 228. Nacho kilikuwa kivuko cha serikali, kwa hiyo wenye mashua binafsi wasidhani tunawaonea wao.

Wako wanaosema kuwa safari ya matembezi haifanani na ya meli, kwa kuwa haiendi mbali. Wanaosema hivyo hawalifahamu ziwa. Lina eneo la kilomita za mraba zipatazo 68,800, yaani ni kubwa kuliko Rwanda na Burundi zikiunganishwa, na kina chake hufikia kama mita 80. Tena lina tabia yake. Mchana nchi kavu hupata joto upesi kuliko maji, na upepo huvuma kutoka ziwani kwenda bara. Usiku mambo hugeuka: nchi kavu hupoa, pepo za pande zote huelekea ziwani na kukutana huko, hewa yenye unyevu hupanda, mawingu ya radi hujikusanya. Ndiyo maana dhoruba nyingi kali za ziwa hili hutokea usiku hadi mapambazuko. Mvuvi analijua hilo tangu utoto wake. Mtembezi huyaona maji yametulia saa kumi alasiri, akadhani yatamngoja hivyo hivyo mpaka saa nne usiku.

Wenye mashua nao wana hoja zao. Husema kwamba wateja hukataa kuvaa majaketi ya kuokolea maisha kwa sababu ya joto, au kwa sababu yanaharibu picha. Hoja hii hatuikubali. Dereva wa basi hamwachi abiria akae juu ya paa ati kwa kuwa abiria amependa. Nahodha ndiye mkuu wa chombo chake. Asiyetaka kuvaa na abaki ufukweni na picha zake. Na jaketi lililofungwa kamba chini ya benchi halimsaidii mtu, maana mashua ikipinduka hakuna atakayepata nafasi ya kulifungua.

Kwa upande wa wahusika serikalini, twaona ukaguzi bado unafuata saa za ofisi. Mkaguzi anayekuja Jumanne asubuhi atakuta mashua tupu, safi, yenye kila kitu. Aje Jumapili saa tisa, au siku ya Idi, au usiku wa kuamkia mwaka mpya. Ajapo, ahesabu vichwa, na anuse pumzi ya nahodha.

Tunaloomba halihitaji msaada wa wafadhili. Kila gati ya matembezi iwe na daftari. Yaandikwe majina ya wanaoondoka, waendako, na saa ya kurejea. Daftari libaki nchi kavu mikononi mwa mtu anayejulikana, naye awe na amri ya kuzuia mashua iliyozidisha hata mtu mmoja. Saa ikipita bila chombo kuonekana, mtu huyo atoe taarifa usiku huo huo, asingoje asubuhi. Sikukuu za mwisho wa mwaka zingekuwa wakati mzuri wa kuanza.