Tunazibua mtaro, tunachafua kijito



Ninaomba nafasi kidogo katika gazeti letu juu ya jambo moja linalonisumbua tangu muhula uliopita. Mutasema: Kapita amezoea kutupa azabu, sasa anataka kutufundisha shimi! Ngojeni kwanza. Musome mpaka mwisho, kisha muhukumu.

Munajua wote ule mtaro unaotoka jikoni na kupita nyuma ya refektwari. Kila jioni maji ya sufuria na sahani inapita pale, pamoja na mawese ya sombe, sabuni na mabaki ya bugali. Mtaro ukijaa, unanuka. Kwa hiyo kila salongo ya siku ya posho nimekuwa nikituma wenye azabu kuuzibua kwa majembe. Maji ikikimbia vizuri, ninaandika katika daftari «kazi imekwisha», na sisi wote tunaenda kuoga.

Siku moja nilishuka mpaka ku kijito, chini ya kilima. Nikakuta mama mmoja anasukuma mafuta kwa mkono juu ya maji, ndipo ajaze bidoni yake. Alinisalimu kwa heshima, akasema: «Mwanangu, kila mukifanya salongo kule juu, sisi huku tunapata taabu.» Sikuwa na jibu. Kumbe kazi niliyoita usafi ilikuwa kusukuma uchafu wetu upesi zaidi mpaka kwa bidoni ya mtu mwingine.

Juma lile lile tulijifunza sheria ya Henry, Mwingereza aliyeitangaza mwaka 1803: presyo ya gazi juu ya maji ikiongezeka, maji inameza gazi nyingi zaidi. Wengi wetu tuliiandika kwa ajili ya Egzameni ya Serikali, basi. Lakini kuna mashine zinazosafisha maji machafu kwa nguvu ya sheria hii. Zinatumiwa katika machinjio, viwanda vya maziwa na vya karatasi, hata katika miji mikubwa.

Kazi yake ni hivi. Kwanza wanatia dawa katika maji machafu, kwa mfano sulfati ya aluminiumu, ili vumbi na mafuta yaliyotawanyika yashikane kuwa mabonge madogo. Pembeni wanachukua sehemu ya maji iliyokwisha kusafishwa, wanaifungia ndani ya pipa la chuma pamoja na hewa, kwa presyo ya bari 4 mpaka 6. Maji inameza hewa ile. Kisha wanaiachilia kwa tundu ndogo, ndani ya bwawa lililo wazi lenye mabonge yale. Presyo inaanguka gafula, hewa inatoka, na maji inageuka nyeupe kama maziwa. Weupe ule ni mapovu madogo sana, mengi hayafiki sehemu moja ya kumi ya milimita. Yanashika mabonge ya uchafu na kuyapandisha juu. Ubao unapita polepole, unakwangua povu chafu, na maji safi zaidi inatokea chini.

Mwenye kutosadiki afungue chupa ya Fanta, amimine katika kopo na kutupa ndani punje ya karanga. Punje inazama, inavikwa mapovu, inapanda. Ni mambo ile ile.

Wale ambao baba zao walifanya kazi katika mugodi wanajua neno flotasyo. Kule Kolwezi walipandisha malakiti ya shaba kwa mapovu, na moja ya dawa zao ilikuwa mafuta ya mawese! Tofauti ni hii: katika mugodi, kile kinachoelea ndicho mali, watu wanakikusanya kwa bidii. Katika maji machafu, kinachoelea ni uchafu, na hakuna anayekitaka.

Hapo ndipo neno langu. Ile mashine haili uchafu, inautenga tu. Mawese yaliyokuwa ndani ya maji sasa yako juu yake, na sherti mtu ayachukue na kuyapeleka fasi yenye haki. Kama hakuna wa kuyachukua, mashine imefanya kazi bure. Tena chumvi, sukari na kila kitu kilichoyeyuka kabisa, mapovu hayawezi kukishika. Ndiyo sababu wenye akili wanaanza mbali, pale uchafu unapozaliwa.

Musiseme kwamba hii ni mambo ya Ulaya. Mji wa Windhoek, Namibia, uko katika inchi kavu sana. Tangu mwaka 1968 wanarudisha maji iliyotumika katika nyumba za watu kuwa maji ya kunywa. Kiwanda chao kipya, kilichofunguliwa mwaka 2002, kinaweza kutoa metrekibiki 21.000 kwa siku. Flotasyo kwa hewa ni hatua moja tu. Baada yake kunafuata mchanga, ozoni, makaa maalum, chujio laini sana na klori. Lakini kwanza waliamua kwamba maji ya viwanda ipite njia yake, isichanganyike na ya nyumba. Mwenye kuchafua alitengwa na uchafu wake kabla ya mashine yoyote.

Sisi hatuna pipa la chuma wala pompi. Hata hivyo mawese yanaelea yenyewe, ikiwa maji inapewa nafasi ya kutulia. Kwa hiyo ninaomba mambo matatu. Moja: kila mtu akwangue sahani yake kabla ya kuosha, mabaki yaende kwa nguruwe. Mbili: Bwana Prefe aturuhusu kujenga kwa matofali shimo la vyumba viwili mbele ya mtaro, na maji itoke kwa mupira unaoanzia chini, mafuta yabaki juu. Tatu: kila juma kikundi kimoja kichote mafuta na matope, kiyafukie mbali na kijito.

Shimo hili halitaondoa sabuni, wala halitafanya maji kuwa ya kunywa. Sitaki kuwadanganya. Na tukilijenga bila kulichota, litakuwa baya kuliko mtaro wa leo.

Wengine wataniambia: «Kapita, ile iko kazi ya wapishi.» Wapishi wanakula sombe yetu sote? Wengine watasema: «Mwezi wa saba sisi wa mwaka wa sita tunaenda zetu.» Ni kweli, tunaenda. Yule mama anabaki na bidoni yake.

Kuchota isiwe azabu tena, juu azabu inamfundisha mtu kumaliza upesi tu. Juma la kwanza litakuwa la makapita, na mimi nitashika ndoo ya kwanza. Ni mimi niliyeandika «kazi imekwisha» mara nyingi sana.

Ndugu yenu,
Kapita wa wanafunzi, mwaka wa sita